Vidato Kumi na Tisa

Shuleni Tononoka nilimaliza vidato vinne
mgongoni mwa kaka yangu.
Mahakamani viko kumi na tisa,
na kaka sasa yuko Doha, bawabu wa hoteli,
anawafungulia wengine milango.

Umazi Ngowa alikuja na futi ya fundi cherehani.
Msomi wa chuo kikuu, soli za viatu zimeliwa na lami.
Alipima milango ya Mvita: posta, benki, kliniki ya waja wazito,
ofisi ya ardhi ghorofa ya pili,
lifti yake imegeuzwa stoo ya faili.
Akaniuliza maswali thelathini na moja.
Nikawa mhojiwa wa mia mbili na kumi na nne.
Nikamwambia: binti, mimi fundi redio,
najua kuhesabiwa si kusikizwa.
Akacheka. Akaandika hata hilo.

Mzee Taibali, muuza vyuma wa Mwembe Tayari,
kila Ramadhani hugawa viti vya magurudumu.
Picha kwanza, kiti baadaye.
Changu kilivuta kushoto:
nikikusudia Kibokoni, chanifikisha Marikiti.
Mwaka ule nilikirudisha, nikaja dukani kwa mikono.
Mzee, sadaka yako njema, ila huishia mlangoni.
Nilipie mlango.

Alinyamaza, kidole juu ya mizani ya misumari.
Kisha akauliza kufungua kesi ni pesa ngapi,
na mkalimani wa Bi Maimuna asiyesikia
hulipwa kwa saa au kwa siku.
Na jina langu litaandikwa wapi?
Popote halitaandikwa.
Hilo lilimuuma.
Alilipa vivyo hivyo, kwa vipande vipande.

Siku ya kesi karani aliita, juu:
Shekuwe Badi!
Nikaitika, chini: Naam!
Shekuwe Badi!
Naam!
Mara ya tatu nilipaza hata kunguru wakaruka mwarobainini,
na huko juu ikaandikwa:
Mlalamishi hakufika.

Wakili Nyevu alishuka mbio, joho limemwenda upande,
akaniona, akapanda tena
na utafiti wa Umazi kwapani,
ukurasa wa arobaini, vidato vya jengo lile lile,
kimo cha kila kimoja kwa sentimita.
Mheshimiwa, mteja wangu amefika.
Mahakama ndiyo haijamfikia.

Nilingoja. Jua likahama magotini hadi kifuani.
Kisha nikasikia viatu.
Jaji anateremka, midomo inahesabu,
kwenye cha kumi na nne akashika ukuta.
Goti lake nalo lina umri.

Tulisikizwa uani,
kati ya gari la polisi na pipa la maji.
Mstari ule wa karani ulikatwa kwa wino mwekundu,
juu yake, kwa mkono wa jaji: Alikuwepo.

Hukumu bado. Tumepewa tarehe, ikasogezwa, tumepewa nyingine.
Vidato vingali kumi na tisa.
Mzee Taibali huniuliza kila Ijumaa,
kama aulizaye hali ya mgonjwa:
Imefika wapi?
Namjibu: uani.