Zamu ya Usiku

Niliinunua kwa pauni kumi na mbili
kwenye soko la vitu vikuukuu, Jumapili,
mvua ya Dundee ikinyesha kimshazari,
kwa mzee aliyeapa kwamba inafanya kazi
huku macho yake yakitazama pembeni.

Nyeusi, nyembamba, si kubwa kuliko kitabu cha sala,
vitufe vyake vya mpira
vinabonyea kama ufizi wa kichanga.
Kilobaiti arobaini na nane.
Picha ya paka wangu niliyopiga jana
isingeingia humo hata mkia.

Niliifungua mezani, jikoni, juu ya gazeti.
Skrubu tano. Ya tano ilikuwa imelika kichwa,
tukabishana mimi nayo hadi usiku wa manane.
Ndani: vumbi la miaka arobaini,
unywele mmoja mwekundu,
na kapasita zilizovuja, doa lake
likinuka kama samaki aliyesahauliwa kabatini.

Nikabadilisha kapasita zote.
Nikabadilisha utando wa kibodi
uliovunjikia mkononi mwangu kama jani kavu.
Nikachukua mita: volti tano zipo?
Zipo.
Kumi na mbili?
Zipo.
Basi mbona umeninunia?
Televisheni ikanijibu kwa miraba myeusi na myeupe,
kitambaa cha meza cha mtu aliyerukwa na akili.

Ni kumbukumbu, nikasema.
Katika safu ile ya majongoo wanane,
kila mmoja na miguu yake kumi na sita,
yupo aliyesahau alichoambiwa.
Nikawagusa paji la uso, mmoja mmoja,
kama watoto waliolala wakati wa homa.
Wa sita alikuwa anaunguza.

Siku tatu nilisubiri bahasha kutoka Leeds.
Usiku wa nne nikalehemu, na mkono ukanisaliti:
risasi ikamwagika, ikaufunga ndoa
mguu wa tisa na wa kumi.

Ndipo Mama alipotoka chumbani kutafuta maji
akakuta moshi.

Senga Petrie, miaka sabini na tisa.
Kumi na mmoja kati ya hiyo aliimaliza kiwandani,
yeye na wenzake waliokuwa wakiunda saa za mkononi
hadi walipoambiwa, kuanzia Jumatatu mtaunda hizi.
Hizi ni nini, hakuna aliyewaeleza.
Alikaa safu ya pili, karibu na dirisha,
zikampitia mbele kama mikate.
Nyumbani kwetu haikuingia hata moja.
Tulililia wee, mimi na dada yangu Isla, mpaka tukachoka,
bei yake ilikuwa kodi ya nyumba.
Kisha lango likafungwa, wakasimama nje yake kwenye theluji
miezi, na mabango.
Hayo hayazungumzi.

"Sogea, Ramsay. Unaipika hiyo."

Hakuvaa miwani.
Vidole vyake, ambavyo kila asubuhi
hushindana na kifungo cha sweta na kushindwa,
vikatulia tuli.
Chwi, akaivuta risasi iliyozidi.
Chwi, akaweka mpya, tone la ukubwa wa jicho la sisimizi.
Akalipuliza,
jambo ambalo msimamizi alimkataza miaka yote,
akanirudishia chuma changu.

Nikawasha.
Kioo kikapauka, na chini kabisa
maandishi madogo yakajitokeza, yenye haya.
Nikatia kaseti. Kiiiiii, ikalia, krrrrrrr,
mistari ya buluu na manjano ikifukuzana ukingoni
dakika tano nzima,
nasi kimya, kama watu kwenye foleni ya kliniki.
Kisha puto jekundu likapaa, kwa kudonoadonoa,
juu ya mji wa miraba.

"Mama! Tazama!"

Hakutazama.
Alikuwa ameiinamia saketi na tochi ya jikoni,
kidole kikipita hewani juu ya safu,
midomo ikihesabu.
"Hii si yetu," akasema.
"Ona rezista hii ilivyopinda.
Hii ni ya zamu ya usiku."

Akajaza bilauri yake, akaenda kulala.