Tundu la Sindano

Niliujaza maji saa nane usiku,
mpira ule ule, kwenye bomba la uani,
nikauinua mbele ya tochi ya simu
kama mtu anayetazama yai asije akanunua viza.
Haukudondosha hata tone.
Nikaufunga gazetini, gazeti nikalitia mfukoni,
mfuko nikauzika nyuma ya choo,
nikarudi kulala. Sikulala.

Mimi fundi cherehani, Wete, karibu na soko.
Matundu nayajua.
Kitambaa mezani kizima,
ukikinyanyua juani kina nyota.
Basi nani kaniapia
kwamba maji na lile jambo jengine
hupita mlango mmoja?

Siku ya tatu, kipele kinenani.
Siku ya nne kimekufa: joto tu, jasho la kukaa.
Siku ya sita koo linakwaruza,
nikajipima homa kwa kiganja changu,
mkono wa moto juu ya kichwa cha moto,
utajua nini?
Siku ya tisa nimekwenda haja ndogo mara saba,
na kila mara nimesimama nikisikiliza
kama mtu aliyetega sikio ukutani kwa jirani.

Mbarouk kaleta kanzu yake ya harusi.
Nikampima bega mara tatu,
mara tatu nikaandika namba mbali mbali.
"Fundi, una nini?"
Macho, nikasema.

Mtu mzima napima watu kutwa,
na kwenda kupimwa Wete siwezi.
Pale yupo Bi Hidaya, shoga wa mama,
na siri ya Wete ni doriani chini ya kitanda.
Nikenda Chake, kofia hadi kwenye nyusi, kama mwizi wa kuku.
Mlango wa chumba namba nne ukafunguka:
Bi Hidaya.
Kahamishiwa huku tangu Mfunguo Tatu.
Hakuuliza hali ya mama.
Hapo ndipo nilipotaka kulia.

"Ulivaa?"
Nilivaa.
"Mwanzo hadi mwisho?"
Mwanzo hadi mwisho.
"Haukupasuka? Haukuchopoka?"
Haukupasuka, haukuchopoka. Niliujaza maji.
Akainamia daftari, nikaona mabega yake yanatikisika.
"Basi hatari yako ndogo, mwanangu.
Ndogo si hakuna, lakini ndogo.
Leo tunapima, ikitimia miezi mitatu unarudi.
Hicho kingine ulichonacho, hapa hatuna kipimo chake."

Sindano moja,
kwa mtu anayejichoma mara ishirini kwa siku,
nami nikaruka.
Tone likatambaa kwenye kile kikaratasi.
Dakika kumi na tano. Mstari mmoja.

"Na yeye?" akaniuliza, akivua glavu.
Yeye nani?
Akanitazama kama nguo iliyokatwa upande.

Siku ishirini na tisa nimemhesabu Mize
kama tundu.
Sikumhesabu kama mtu
aliyelala Kengeja, macho juu ya dari,
akiamka kujitazama koo kwenye kioo,
akisema: yule fundi wa Wete,
kwa wiki anapima wanawake wangapi
kwa ile futi yake?
Na yeye, nani alimwapia?

Nikakaa kwenye ukuta wa hospitali, nikapiga.
Ikaita, ikaita.
"Leo umekumbuka?"
Nimetoka kupima, nikamwambia.
Kimya. Nikasikia sufuria inateremshwa.
"Mie nlikwenda Mkoani juzi. Nikajifunika uso wote.
Nesi akatokea binti wa shangazi yangu."

Tukacheka, kicheko kibaya,
cha watu waliobanwa vidole na mlango mmoja.
Kisha akauliza, chini chini:
"Mstari mmoja?"
Mmoja.
"Na mimi mmoja."

Bado miezi miwili.
Kanzu ya Mbarouk nimeifumua,
bega la kushoto.