Faini

Alhamisi, saa tatu kamili, Shika Adabu.
Mkeka umetandikwa, daftari limefunguliwa,
kikombe cha faini kimekaa katikati
kama mtoto wa pekee, kila mtu anakiangalia.

Mgeni amekwama ng'ambo ya kivuko.
Feri mbili mbovu, ya tatu inabembelezwa injini.
Mejumaa, mwenyekiti, akasema tumngoje.
Mbeyu akasema: "Mwaka jana, mimi na homa ya mtoto,
nilichelewa dakika kumi. Nani aliningoja?"
Tukaanza.

Hisa: mia, mia, mia mbili, hamsini.
Mwanatumu hana, mumewe hajalipwa bandarini;
ameandika jina lake na sifuri,
sifuri kubwa, ya mviringo, isiyo na haya.
Kachri za muhogo: pakiti arubaini na moja.
Maji ya tangi: madumu mia tatu na sita,
moja limepasuka, limelipwa na aliyelipasua.

Saa nne kasorobo ndipo akaingia Gerrit,
shati limegandana na mgongo,
viatu mkononi, maana mlangoni kaona vyetu.
Hilo tuliliona. Hatukulisema.

Wengine walimtangulia.
Walikuja na bango refu kuliko ukuta wetu,
tukalishika pembe nne, jua likitupiga machoni,
wakapiga picha, wakaondoka na bango lao.
Mmoja alituachia cherehani sita
za umeme, na umeme hatuna;
mpaka leo kuku wa Riziki hutagia
ndani ya kasha la ile ya tatu.

Huyu akakaa mkekani, magoti yakalia.
Akafungua kijitabu, akauliza
kwa Kiswahili cha kuokoteza:
"Mnahitaji nini?"

Kimya. Mafuta tu yakisema jikoni.
Swali hilo ni tamu, lakini lina meno.
Ukilijibu upesi, umeshakuwa mhitaji.
Mimi ni mweka hazina. Nikafunua kanuni ya nne,
tuliyoitunga wenyewe usiku wa mvua
kwa tochi ya simu ya Mejumaa:
*Achelewaye hutoa hamsini. Hakuna udhuru, hakuna cheo.*

"Kwanza," nikamwambia, "tunahitaji hamsini yako."

Mejumaa akanifinya paja.
Mbeyu akaziba mdomo kwa leso.
Maneno yakamfikia polepole, nayo yalipanda feri,
kisha mtu mzima akacheka mpaka miwani ikamponyoka,
akapekua mfuko, akatoa elfu moja.

Nikamrudishia mia tisa na hamsini.
Akakataa kwa kiganja.
Nikaziweka juu ya kijitabu chake, noti moja moja,
nikamkatia risiti, namba mia mbili na kumi na mbili:
*Imepokewa kwa Gerrit. Faini.*

Hapo ndipo tulipozungumza.
Kwao nako, alisema, kuna bandari na vivuko,
na mama yake, baada ya vita, alichangishana na majirani
kwa kikombe kama hiki, wanunue makaa ya mawe.
Akauliza muhogo tunaukatia nini.
Mwanatumu akamwonyesha mkono wake wa kushoto,
kidole kimoja kifupi kuliko Mungu alivyokiumba.
Gerrit hakuandika kitu. Alifunga kijitabu.

Sasa tunabishana juu ya mashine ya kukatia,
ile ya kuzungusha kwa mkono, ya fundi wa Likoni.
Yeye anataka kuilipa yote.
Sisi tunataka nusu, na nusu iwe mkopo,
miezi kumi, na riba tuipange sisi.
Bado hatujaafikiana. Mbishi kweli, mzee yule.

Lakini Alhamisi iliyofuata nilifika saa tatu kasoro tano
nikamkuta mkekani peke yake,
viatu nje, risiti imechungulia mfukoni.
Saa tatu na dakika nane akaingia Mejumaa,
anahema, kanga begani, sababu tayari ulimini.

Gerrit hakusema neno.
Alikichukua kikombe kwa mikono miwili
akamnyooshea.