Jiwe la Mizani

Miaka tisa nilifua vitambaa vya altare
kwa sabuni ya mche na maji ya kijito,
nikavianika juu ya majani ya mgomba, si kwenye waya,
maana waya una kutu.
Utakatifu, nilidhani, ni weupe,
na weupe nauweza.

Jumatatu nilivua gauni la Umoja wa Mama,
nikafungua ghala la kahawa hapa Budadiri.
Wakulima waliteremka mlimani tangu alfajiri,
mbuni mgongoni, matope hadi magotini.
Nilisukuma jiwe la mizani kwa kidole kimoja,
nikasoma, nikaandika, nikalipa.

Ndani ya jiwe lile mna tundu.
Ndani ya tundu, kipande cha risasi,
ukubwa wa punje ya haragwe.
Mume wangu Magombe alikishindilia kwa msumari
mwaka tuliooana, akacheka.
Alipokufa nikarithi ghala, madeni, na ile punje.
Kila gunia lilipungua kilo mbili.
Kilo mbili tu. Gunia halilii.

Na mimi, usiku, nilimwomba Mungu anitume mbali.
Nitume Karamoja, Bwana, kwenye jua na vumbi,
nikalale chini, niugue kwa ajili yako.
Jibu lilikuja nikiwa napiga pasi, bila radi:
Toa risasi.

Nikafunga siku tatu.
Toa risasi.
Nikatoa fungu la kumi mara mbili,
nikainunulia kanisa kengele ya shaba.
Kila ilipolia nilisikia ndani yake
mbuzi wa sadaka ambao hakuna aliyewaagiza.
Nilitafuta neno jingine lenye maana ileile, lililo jepesi.
Mungu hana visawe.

Nikaitoa kwa ncha ya mkasi
wa kukatia nyuzi za altare.
Ikaanguka sakafuni, ikabingirika chini ya kabati.
Malaika hawakushuka. Kuku aliingia, akaidonoa, akaiacha.

Kazi yenyewe ilikuwa bado: daftari.

Nilipanda mlima na mkoba wa shilingi.
Gidudu alihesabu mara mbili, akafunga mlango.
Wamboza alinikaribisha chai, akalia kuliko mimi,
nikaona haya kufarijiwa na niliyemwibia.
Mama Khainza hakugusa pesa.
Aliniuliza, sauti ya kawaida kabisa,
kama ningekumbuka muhula ule binti yake
aliporudishwa nyumbani kwa ada pungufu.
Pungufu kidogo tu, alisema.
Tulitazama mvua ikija kutoka upande wa Bududa.
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Jumapili nilisimama mbele ya walokole, nikasema yote.
Mchungaji alitaka kunifupishia:
Mama, damu imekwisha kuosha.
Ndiyo, nikamwambia, imeosha,
ndiyo maana nina mikono ya kuhesabia deni.
Wakapiga makofi. Sikuyapenda makofi yale.

Sasa pale njia panda kuna mnunuzi mpya,
bei yake juu, mizani yake naijua kwa kuitazama tu.
Foleni yake inafika kwenye kinu cha mahindi.
Yangu, watu wanne. Siku nyingine, wawili.
Sitasema hainiumi.
Juzi nilisimama mbele ya lile kabati muda mrefu,
ufagio mkononi, kisha nikafagia sehemu nyingine.

Asubuhi kabla ya sala naweka pakiti ya chumvi kwenye sahani.
Kilo moja.
Natazama mpaka ule mtaimbo utulie: moja.
Sala nyingine hunichukua muda mfupi siku hizi.

Mama Khainza anakuja na mizani yake mwenyewe,
ile ya kamba na ndoano.
Anaitundika kwenye boriti ya ghala langu,
anapima kwanza yeye, ndipo mimi.
Hanisalimu mpaka namba zilingane.
Nami sichukii. Nasimama pale mlangoni,
mikono nyuma, vumbi la kahawa kwenye kope,
napimwa.