Tisa Havipo

Namwaga vidonge kwenye sahani ya bluu,
navisukuma kwa kisu butu, vitano vitano,
kama mtu achambuaye kunde.
Ishirini na saba. Narudia.
Ishirini na saba, na vile viwili vya mwisho vimekaa peke yao.
Tarehe ya leo inataka thelathini na sita.

Verlon Ouellette anatazama nje,
theluji inavyofuta matuta ya viazi mpaka mpakani mwa Kanada.
Vidole vyake vinapapasa upindo wa kofia
kana kwamba jibu limeshonewa humo.

Mgongo huu naujua.
Mwaka wa kumi na moja tangu mashine ya kuvunia
imlalie kwenye udongo ulioanza kuganda.
Daktari Cyr ndiye aliyeanza: akaandika, akaongeza,
akaongeza, akastaafu,
akahamia Florida na fimbo zake za gofu,
akaniachia faili tatu nene na deni asilolitaja.
Mimi ni muuguzi mwenye kalamu.
Leseni iko ukutani. Daktari wa kumuuliza
yuko maili sitini, barabara ikiwa wazi.

Mzigo wa mwenzio, husemwa, ni kanda la usufi.
Sawa. Ila hili nimelibeba majira yote,
na limelowa.

Waraka umeshuka kutoka mji mkuu: punguzeni.
Una tarakimu na mstari mwekundu,
hauna mgongo.
Rejean Daigle nilimpunguza kwa kuufuata,
kidogo kidogo, herufi kwa herufi.
Akaacha kuja.
Mwezi wa Machi walimkuta ndani ya lori lake nyuma ya ghala,
kioo kimeganda kwa ndani,
na unga wa mtaani ambao hakuna aliyeupima.

Corinne sikumpunguza. Nilimhurumia.
Vidonge vyake, sahihi yangu,
vilipatikana kwenye mfuko wa mtoto wa darasa la kumi.
Mtoto alipona. Mama yake
hanisalimu tena dukani.

"Verlon. Tisa viko wapi?"

Bomba la joto linagonga ukutani.
"Simone," anasema. Mkewe.
Bima imekwisha, mtaalamu wa mifupa amempa tarehe ya Juni.
"Hulia usiku akidhani nimelala.
Nilimpa kimoja, siku nyingine kimoja.
Siku nilizompa, mimi nililala sakafuni.
Pale chini si pabaya sana."

Kompyuta ina visanduku vyake:
amepoteza, ameibiwa, ameuza.
Hakuna cha *amegawana*.
Upo mkataba alioutia sahihi, kifungu cha sita:
ukitoa hata kimoja, tunaachana.
Aliutia sahihi bila miwani.
Niliona. Nilikuwa na wagonjwa wanne nje,
nikamwonyesha pa kuandika.

Kikombe cha mkojo amekiweka mbele yangu
kwa adabu, kama anayemkaribisha mgeni chai.
Mwanamume aliyenifundisha kuendesha trekta
nikiwa na miaka kumi na mitatu.
Nabandika lebo. Bado kina joto.

Nasema: kuanzia leo utachukua za siku saba saba.
Nasema: hii ni ya kupuliza puani, mtu asipoamka;
mfundishe Simone, na wewe ajue kukupulizia.
Nasema: mlete kesho, saa mbili, kabla sijafungua.
"Petroli," anasema, "safari nne kwa mwezi."
Sikuwa nimewaza petroli.
"Basi nitamfuata mimi."
Anainuka kwa vipande, kwanza mkono, kisha meza,
kisha mwili uliobaki.

Kwenye faili nimeandika: *tisa havipo,
sababu imeelezwa.* Sikuandika sababu.
Zile saba kama ni huruma au woga,
sijui; kalamu ni ileile.

Naosha sahani. Ukingoni umebaki unga mweupe,
kiasi cha kujaza ukucha.
Naufuta kwa kidole,
kisha nakiosha kidole,
kisha nakiosha tena.