Damu ya Komamanga

Nilimpaka Anzori damu kwa mara ya kwanza
majira yale mto Mtkvari ulipoganda kingo.
Ilikuwa maji ya komamanga na wanga kidogo,
maana ile ya studio iliisha kabla ya mwezi.
Akalamba kidole: "Tamu. Basi nitakufa vizuri."
Na kweli alikufa vizuri,
chali kwenye ngazi za mawe, kofia ikishuka peke yake
kidato, kidato kingine, kingine tena,
hata mwongozaji akasahau kusema kata.

Hapo ndipo walipomtia alama.
Kila aliyeandika mtu wa kufa ukurasa wa thelathini
alimwita Anzori Lomtadze.
Tulimpiga risasi. Tulimzamisha.
Tulimwangusha farasini mara tatu siku moja
kwa ajili ya wingu lililokataa kusogea.
Nilihesabu kwenye daftari langu la poda: arobaini na moja.
Mashujaa walibaki na taa na wasichana,
yeye akabaki na mafua.

Mama yake, kule Zestaponi, hakuzoea.
Kila filamu alikwenda, shali nyeusi, kiti cha pembeni,
na mwanawe akianguka tu, huyo ameinuka,
amevuka barabara hadi posta, anaagiza simu ya Tbilisi.
"Upo?"
"Nipo, mama. Nakula."
"Unakula nini?"
Na mpaka atajiwe, maharage, mkate, kitunguu,
simu haikatwi.
Mama yule hakuwahi kuona mwisho wa filamu hata moja.

Tulipokwisha kumzika, Anzori alirudi mjini na ndevu
na daftari la shule, lile la mistari ya bluu.
"Nanuli, nataka kukaa upande wa pili wa kamera."
Nikacheka, Mungu anisamehe.
Miaka hamsini na minane,
hajui tofauti ya lenzi na kitako cha chupa!
Akauza gari. Akauza shamba la mizabibu,
ila safu mbili; hata wazimu una kiasi.
Vijana wa studio walinong'ona penye chai:
aliyezoea kuanguka ataongoza nini?

Kazbegi, mwezi wa pili, theluji ya magoti.
Rati, kijana wa miaka ishirini na miwili, ndiye wa kufa.
Nikampaka komamanga shingoni, ikaganda kabla sijafunga kopo.
Akaanguka.
Vibaya, kama gunia,
kama watu wanavyoanguka kweli.
Kamera inazunguka. Sote twangoja neno,
neno moja la silabi mbili,
lile lile lililomo kwenye kukata simu na kukata roho.

Anzori hakulisema.
Aliondoka kitini, akaingia ndani ya picha
na koti lake la juzi katikati ya vita vya zamani,
akapiga magoti,
akampangusa yule mtoto theluji kwenye kope.
"Upo?"
Rati hakujua aigize au ajibu.
"Nipo."
"Umekula?"

Mpigapicha akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi.
Nikamwashiria kwa brashi: acha. Acha iende.

Wahakiki waliiita mbinu, wakaibuni na jina refu.
Anzori aliwajibu kwamba alikuwa na baridi.
Sinema ya Zestaponi siku hizi ni duka la simu,
kwa hiyo tuliionyesha ukutani mwa posta,
na watu walikaa hadi mwisho, hata mvua ilipoanza.

Usiku ule nilifungua daftari la poda.
Arobaini na moja, na Rati sikujua nimwandike wapi.
Nikaweka mbili, nikaikata.
Pembeni, kwa penseli ya nyusi, nikaandika:
huyu alikula.