Hapafai

Aliniandikia wiki tatu kabla hajashuka Malindi:
natafuta Nikaragua, ila ya bei nafuu.
Filamu ina mto, ina korongo, ina nyumba ya mama mmoja,
na pesa za kwenda Nikaragua yenyewe hakuna.
Nikamjibu, njoo.
Mimi hata Mwanza sijafika,
lakini mto tunao.

Jumatatu, gari la Ngumbao.
Anselmo mbele na futi yake ya chuma,
mimi nyuma na maji na orodha.

Sabaki kwanza, chini ya daraja.
Maji rangi ya chai iliyonyimwa maziwa.
Akauliza: jua linatua upande upi?
Lori la jenereta litageuzia wapi?
Watu sitini, Umazi, watajisaidia wapi?
Na mwadhini wa ng'ambo, sauti yake inafika huku?
Inafika, nikasema. Ndiyo kazi yake.
Akaandika: Mto, sawa. Sauti, shida.

Gongoni, chumvi imerundikwa kushinda paa za nyumba.
Akapanda, akateleza, akashuka kwa makalio.
Volkano, akasema, tukiipaka rangi.
Msimamizi wa zamu akamtazama kwa huruma:
chumvi haipakwi rangi, bwana, inaliwa.
Akaandika: Mlima, labda.

Marafa tulifika saa tisa.
Nyari imefunguka ghafla miguuni petu,
nyekundu, manjano, waridi, kama kidonda cha kale
kilichokataa kufunga kwa sababu kimezoea kutazamwa.
Watoto walitufuata hadi ukingoni.
Mmoja akauliza: kwenye sinema, nani anakufa?
Baba, akasema Anselmo.
Mapema au mwishoni?
Mapema.
Mtoto akatikisa kichwa, akarudi kwa mbuzi wake.
Anselmo hakuandika kitu.

Sasa nyumba.
Siku nne tulitafuta nyumba.
Hii ina bati jipya mno, ile ina dishi la televisheni,
ile nzuri lakini mwenyewe anataka milioni.
Na nisiseme uongo:
siku nne tulipita Marikebuni, kwenda na kurudi,
na siku nne niligeuza uso kwenye mlango wa buluu,
mpapai uliopinda, ukuta wa udongo
wenye alama ya mkono wangu wa miaka sita.
Siku ya nne akagonga dashibodi. Simama.
Pale. Nani anaishi pale?
Sijui, nikasema.
Ngumbao akakohoa.

Jikoni ikatoka sauti:
Wee Umazi! Kutwa unapita hapa na magari ya watu,
mamako hana chakula?

Tukaingia. Ningefanyaje?
Mama yuko juu ya mbuzi, nazi ya pili mkononi,
kifumbu kinatiririsha tui, chicha imekaa pembeni,
maharagwe yanatokota, wali unasubiri.
Anselmo amesimama kizingitini
kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.
Kisha akasema, kwetu Bluefields,
pwani ile nyingine,
bibi alitoboatoboa kopo kwa msumari, akakunia hilo.
Maharagwe haya haya. Wali huu huu.
Miaka kumi na tisa, akasema,
lakini hakusema miaka kumi na tisa ya nini.

Nilimtafsiria Mama.
Mama akasema, mwambie kopo linakata vidole.
Nilimtafsiria Anselmo.
Akanyoosha kiganja: kovu dogo, dole gumba.
Wakacheka wote wawili, mimi katikati
nimebaki na sentensi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Alikula sahani mbili. Futi ikabaki garini.
Kamera ikabaki shingoni, kifuniko hakikutoka.
Mama akamfungia maharagwe kwenye mkebe wa siagi.

Orodha alinitumia Ijumaa, nami nikailipwa vizuri.
Nilisoma hadi nambari tisa:
Marikebuni, mlango wa buluu.
Mwanga mzuri. Lori linageuka.
Hapafai. Kuku wana kelele.

Tuna kuku watatu.
Siku ile walikuwa wamelala.